Mji Uliochorwa Juu ya Dhahabu

Wengi waliokua wakisikiliza redio ya masafa mafupi Afrika Mashariki walilifahamu jina la Köln kabla hawajauona mji wenyewe hata kwenye ramani. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza kurusha matangazo mwaka 1963, na sauti zile zilitoka hapa, katika mji huu wa Mto Rhine, mpaka mwaka 2003 makao ya redio yalipohamia Bonn. Habari za dunia tulizipata na salamu tulizipata. Kilichokuwa hakiwezi kupita hewani ni kile ambacho mimi nakiona ndicho moyo wa Köln: mbao za mwaloni zilizopakwa dhahabu na rangi katika miaka ya 1440 kwa mkono wa Stefan Lochner, ambazo hadi leo zimo mjini humo humo, mwendo wa dakika chache kutoka stesheni ya treni.

Stesheni yenyewe ni bahati ya msafiri. Ukitokea upande wa mji, kanisa kuu limeshakusimamia mbele, na minara yake miwili inapanda mita 157. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1248. Ujenzi ukaenda kizazi hadi kizazi, ukakwama katika karne ya 16, ukaanza tena mwaka 1842 na kukamilika mwaka 1880. Kwa zaidi ya miaka 300 kreni ya mbao ilibaki juu ya mnara wa kusini uliokuwa haujaisha, hata watu wa Köln wakaizoea kuwa sehemu ya sura ya mji wao. Vita Kuu ya Pili ililipiga kanisa hili kwa mabomu mazito 14, nalo likabaki wima huku mitaa iliyolizunguka ikigeuka kifusi.

Wageni wengi hulitazama kwa nje, wakapiga picha, wakaingia wakazunguka mara moja, wakarudi kwenye treni. Nakuomba wewe usifanye hivyo. Ukishaingia kwa mlango wa magharibi, shika upande wa kulia. Utapita chini ya dirisha lililobuniwa na msanii Gerhard Richter mwaka 2007, vipande zaidi ya 11,000 vya kioo vya mraba katika rangi 72, na siku ya jua sakafu ya hapo hujaa madoa ya rangi. Usikae sana. Endelea mbele mpaka Kikanisa cha Bikira Maria, upande wa kusini wa altare kuu. Hapo ndipo ilipo picha ambayo watu wa Köln huiita kwa ufupi picha ya kanisa kuu, na ambayo wataalamu huiita Altare ya Wasimamizi wa Mji.

Ikiwa imefunguliwa, ina upana wa zaidi ya mita tano na nusu. Ubao wa katikati ni mkubwa, na kila upande una ubao mwembamba unaofungika kama mlango wa kabati. Katikati ameketi Bikira Maria amevaa joho la buluu iliyokolea, taji kichwani, Mtoto Yesu magotini. Kulia na kushoto kwake wamepiga magoti wafalme wawili wa Mashariki, wale Mamajusi waliofuata nyota, na wa tatu amesimama akingoja zamu yake. Mzee wao amekunja mikono kusali, naye Mtoto ananyosha mkono wake mdogo kumbariki. Chini ya miguu yao kuna nyasi na mimea midogo, kila jani limechorwa kwa subira. Juu ya vichwa vyao hakuna mawingu wala anga. Ni dhahabu tu.

Dhahabu hiyo ndiyo inayomshangaza mtu wa leo, na nadhani ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko yote. Tumezoea kuiona dhahabu ikitumika kuonyesha utajiri. Ndani ya kikanisa cha karne ya 15, chenye madirisha machache na mishumaa michache, kazi yake ilikuwa kushika mwanga uliopo na kuurudisha kwa waumini. Hebu songa hatua moja kushoto, kisha moja kulia. Utaona duara la nuru nyuma ya kichwa cha mtakatifu likiwaka na kuzimika kadiri unavyosogea, kwa sababu dhahabu haijalala tu pale. Imechorwa mistari kwa ncha ya chuma na kugongwa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu hushika mwanga kwa upande wake. Picha iliyochapishwa kitabuni haiwezi kukuonyesha hilo, wala simu haiwezi. Ndiyo maana nasema kazi hii lazima uifuate ilipo.

Ufundi wenyewe ulikuwa mrefu, na kabla ya brashi ya kwanza kugusa rangi kulikuwa na majuma ya kazi ya mikono. Mbao za mwaloni zilikaushwa, zikapigwa randa na kuunganishwa. Zikapakwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, kisha zikapakwa chaki iliyokorogwa kwa gundi hiyo hiyo, tabaka juu ya tabaka, kila moja likiachwa likauke, mwishowe likakwanguliwa na kusuguliwa mpaka uso ukawa laini kama ganda la yai. Mahali palipokusudiwa dhahabu pakapakwa udongo mwekundu uliosagwa laini. Udongo huo una kazi mbili: unaipa dhahabu sehemu ya kukaa inayobonyea kidogo, na wekundu wake unaipa rangi ya joto kutoka chini. Ukitazama kwa karibu picha za zama hizo, mahali ambapo dhahabu imelika kwa miaka, utaona wekundu huo ukichungulia.

Dhahabu yenyewe ilitoka kwenye sarafu. Mfuaji aliipiga kwa nyundo saa nyingi mpaka ikawa nyepesi kiasi kwamba pumzi ya mtu ingeweza kuipeperusha. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika kitabu cha ufundi karibu mwaka 1400, alilalamika kwamba wafuaji walikuwa wakitoa majani 145 kwenye dukati moja, akashauri yasizidi 100 ili dhahabu isiwe nyembamba mno. Fundi alilowesha udongo kwa maji, akalaza jani kwa ncha ya brashi, likavutwa chini na kushika. Baada ya hapo alisubiri wakati wake hasa, udongo usiwe mbichi wala mkavu kabisa, ndipo akaanza kuisugua dhahabu kwa jiwe la akiki au kwa jino la mbwa. Kwa kusuguliwa huko majani mengi yaliyopandana kingo yakawa kitu kimoja, na uso uliokuwa umefifia ukawa kioo.

Mambo haya yalifanyika kwenye karakana zilizopangwa kwa sheria. Köln wakati huo ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Ujerumani, mji wa wafanyabiashara, masonara na wafumaji, na wachoraji walikuwa na chama chao chenye kanuni. Mchoraji alikuwa fundi mwenye bwana kazi, wanagenzi na wateja. Nasisitiza hili kwa sababu tunaposimama mbele ya kazi kubwa tunapenda kufikiria mtu mmoja aliyeshukiwa na maono. Huenda alikuwa nayo. Lakini hapo pia walikuwepo vijana waliokoroga gundi, na aliyejua kwa kugusa tu kwamba udongo sasa umefikia.

Karibu wakati huo huo, magharibi zaidi, katika nchi ya Flanders, Jan van Eyck na wenzake walikuwa wameanza kuiacha dhahabu halisi. Walitumia rangi ya mafuta kuchora kitu kinachofanana na dhahabu kiasi cha kumdanganya mtazamaji, na anga ya dhahabu wakaibadilisha kwa vilima, mito na nyumba. Lochner anaonyesha dalili za kuujua ufundi wao: tazama velveti, manyoya ya joho, vito kwenye bizimu. Vyote hivyo amevichora kwa ustadi wa mtu aliyeijua rangi ya mafuta. Hata hivyo hakuiacha dhahabu. Aliwaweka watu wenye uzito, wenye vivuli na nywele zinazoweza kuhesabika, mbele ya mbingu isiyokuwa na hali ya hewa. Wapo wanaoona hilo ni ukale. Mimi naona alichagua, na alichagua vyema. Watakatifu wake wako duniani na hawako duniani kwa wakati mmoja, na Köln ndivyo ulivyotaka wasimamizi wake wawe.

Sasa geukia mbao za pembeni, maana hapo ndipo picha inapokuwa ramani ya mji.

Kushoto yuko Mtakatifu Ursula na wanawali wenzake. Kwa mujibu wa masimulizi, alikuwa binti mfalme wa Bretania aliyekwenda kuhiji Roma na kundi kubwa la mabikira, na wakiwa njiani kurudi wakauawa kwa mishale ya Wahun mbele ya kuta za Köln. Masimulizi ya baadaye yanataja mabikira 11,000. Kulia yuko Mtakatifu Gereon na askari wake, naye amevaa vazi la vita linalong'aa. Gereon anahesabiwa kuwa wa Jeshi la Thebes, askari Wakristo waliotoka Misri ya Juu wakitumikia dola la Roma, waliokatwa vichwa kwa kukataa kutolea miungu sadaka. Kwa hiyo mmoja wa wasimamizi wa mji huu wa Kijerumani, kwa imani ya watu wake wenyewe, ni wa jeshi lililotoka Afrika. Lochner amempa Gereon sura ya kijana wa Rhine, na hata wafalme watatu wote amewachora kwa sura za Kizungu. Mfalme mweusi alikuja kuzoeleka katika picha za Ujerumani baadaye ndani ya karne hiyo hiyo.

Mamajusi nao ni wenyeji hapa. Mwaka 1164 Askofu Mkuu Rainald von Dassel alileta kutoka Milano masalia yaliyoaminiwa kuwa yao, baada ya Kaisari Friedrich Barbarossa kuuteka mji huo. Mahujaji wakaanza kumiminika, na fedha zao na sala zao ndizo zilizoufanya mji utake kanisa kubwa kiasi hiki. Kasha la masalia liko nyuma ya altare kuu, hatua chache kutoka kwenye picha. Lilianzwa na Nikolaus wa Verdun mwishoni mwa karne ya 12 na kukamilika karibu mwaka 1225, nalo limefunikwa dhahabu, fedha na vito zaidi ya 1,000. Baada ya kuiona picha, nenda ukalitazame, kisha urudi kwenye picha tena. Utaona kwamba mchoraji na sonara walikuwa wakizungumza.

Na ukitoka nje, tazama nembo ya mji kwenye magari ya manispaa, kwenye majengo ya serikali, kwenye jezi: mataji matatu juu, na chini alama nyeusi 11 zenye umbo la machozi. Mataji ni ya Mamajusi, alama nyeusi ni za Ursula na wenzake. Mji umevaa kifuani watu wale wale waliomo kwenye mbao za Lochner. Kila mwanzo wa Januari, wakati wa sikukuu ya Tokeo la Bwana, watoto Wakatoliki wa Köln, kama wenzao wa Ujerumani nzima, huvaa mataji ya karatasi, wakapita nyumba kwa nyumba wakiimba na kuchangisha fedha za kuwasaidia watoto wa nchi nyingine, kisha huandika kwa chaki juu ya milango herufi C, M na B pamoja na mwaka. Ukizunguka mitaani utaziona herufi hizo hata mwezi wa Agosti.

Picha yenyewe haina sahihi. Jina la aliyeichora tunalo kwa sababu ya mchoraji mwingine aliyekuwa na tabia njema ya kuandika matumizi yake. Mwaka 1520 Albrecht Dürer wa Nuremberg, wakati huo mtu maarufu Ulaya nzima, alipita Köln katika safari yake ya Nchi za Chini (Uholanzi na Ubelgiji za leo), akaandika katika daftari lake kwamba amelipa sarafu mbili ndogo za fedha ili afunguliwe ubao aliouchora Bwana Stefan. Sarafu mbili. Katika karne ya 19 wasomi waliliunganisha daftari hilo na picha hii, wakatafuta kwenye nyaraka za mji wakamkuta mchoraji aitwaye Stefan Lochner. Mwaka 1442 alilipwa kwa mapambo ya ujio wa Mfalme Friedrich wa Tatu. Alinunua nyumba na mkewe, akahamia nyingine karibu na Kanisa la Mtakatifu Alban, na wachoraji wenzake wakamchagua mara mbili kuwawakilisha kwenye baraza la mji, mwaka 1447 na mwaka 1450. Wazazi wake waliishi Meersburg, kusini kabisa, kando ya Ziwa Konstanz. Alifariki mwishoni mwa mwaka 1451, tauni ikiwa imeingia mjini.

Kengele mbili kati ya zile zinazosikika leo kutoka mnara wa kusini zilisubiwa mwaka 1448 na mwaka 1449. Lochner alikuwa hai, tena mtu wa baraza. Ukizisikia zikilia, unasikia sauti aliyoisikia yeye.

Lakini picha hii haikutengenezwa kwa ajili ya kanisa kuu, na hapa lazima msafiri awe na moyo wa kutazama kila kitu. Ilitengenezwa kwa ajili ya kikanisa cha baraza la mji, kando ya ukumbi wa mji, mahali ambapo wazee wa baraza walisali kabla ya kukaa kikao. Kikanisa hicho kilikuwa sinagogi. Wayahudi walikuwa Köln tangu zama za Roma. Waraka wa Kaisari Konstantino wa mwaka 321 unawataja, ukiruhusu waitwe kutumikia kwenye baraza la mji. Mwaka 1349 mtaa wao ulivamiwa na wengi wakauawa. Waliorejea baadaye walifukuzwa na baraza mwaka 1424, na miaka miwili baadaye sinagogi lao likawa kanisa la Bikira Maria. Mbao za Lochner zilisimama juu ya ardhi hiyo. Uzuri wake haufuti jambo hilo, na jambo hilo haliufanyi uzuri kuwa uongo. Vyote viwili ni vya Köln, na anayeupenda mji huu kwa kweli anapaswa kwenda uwanja wa ukumbi wa mji, mwendo wa dakika kama tano kutoka kanisa kuu, ambapo wanaakiolojia wamefukua misingi ya mtaa wa Wayahudi, pamoja na bafu la utakaso la karne ya 12 lililochimbwa kwenda chini kabisa hadi kwenye maji ya ardhini.

Jeshi la Ufaransa lilipoingia mwaka 1794, picha ilifichwa. Miaka michache baadaye nyumba za watawa na makanisa mengi vilifungwa, na mbao za dhahabu za karne nyingi zikatupwa sokoni, nyingine zikiuzwa kwa bei ya kuni. Ferdinand Franz Wallraf, padri na profesa, alizikusanya usiku na mchana: picha, vitabu, sarafu, mawe ya Kirumi, chochote alichoweza kukiokoa. Ndugu wawili Sulpiz na Melchior Boisserée nao walikusanya, ingawa mkusanyiko wao uliuzwa kwa mfalme wa Bavaria mwaka 1827, na hadi leo sehemu yake bora iko Munich. Altare ya Wasimamizi ikahamishiwa kanisa kuu mwaka 1810. Wallraf alipofariki mwaka 1824 aliuachia mji wake kila kitu. Mfanyabiashara wa ngozi, Johann Heinrich Richartz, akatoa fedha za jengo. Mji unaojua kuokolewa na padri mmoja mwenye nyumba iliyojaa vumbi unastahili kumwekea jina, na umemwekea: Wallraf-Richartz-Museum.

Jengo la sasa la makumbusho hayo lilifunguliwa mwaka 2001, hatua chache kutoka ukumbi wa mji, likishikana na magofu ya Kanisa la Mtakatifu Alban. Ndiyo, lile la jirani yake Lochner. Kanisa hilo liliachwa bila paa kwa makusudi baada ya vita, liwe ukumbusho wa waliokufa, na ndani yake kuna nakala za sanamu za Käthe Kollwitz za baba na mama wanaoomboleza mtoto wao. Tulia hapo kidogo kabla ya kuingia makumbusho.

Ndani, vyumba vya zama za kati ni vingi na vizuri, na dhahabu imejaa ukutani toka mwanzo hadi mwisho. Yupo mchoraji asiyejulikana jina, anayeitwa Bwana wa Mtakatifu Veronika, wa mwanzoni mwa karne ya 15, mwenye nyuso laini zilizojaa upole. Ipo Hukumu ya Mwisho ya Lochner, yenye mashetani wa kutisha. Lakini nenda moja kwa moja kwenye picha ndogo kuliko unavyotarajia, kama sentimita 51 kwa 40: Bikira Maria kwenye kibanda cha waridi, ya katikati ya karne ya 15.

Ameketi chini, kwenye majani, kama alama ya unyenyekevu, ingawa taji lake ni la malkia. Joho lake ni buluu. Kifuani ana bizimu ambayo ndani yake mchoraji amechora picha nyingine, msichana na mnyama wa pembe moja, alama ya ubikira, kwa udogo unaotaka macho ya kijana. Malaika wadogo wamemzunguka. Baadhi wanapiga ala, kinanda cha mkononi, kinubi, na ala za nyuzi, na wengine wanamtolea Mtoto matunda. Malaika wawili juu wameshikilia pazia la zari wakilifungua, na kwenye dhahabu juu kabisa yuko Mungu Baba na njiwa wa Roho Mtakatifu. Miali ya nuru imekunwa ndani ya dhahabu yenyewe. Hakuna kivuli cha huzuni humu, wala dalili ya msalaba unaokuja. Nimesoma maandishi mengi yanayoiita picha hii tamu mno. Siyakubali. Utamu wa bure hauchorwi kwa uangalifu wa namna hii. Huyu ni mtu aliyeishi kwenye mji wa tauni na madeni, akakaa akahesabu petali za waridi.

Linganisha sasa na ile kubwa ya kanisa kuu. Kule dhahabu inasema na umati. Huku inasema na mtu mmoja aliyepiga magoti chumbani kwake. Ufundi ni ule ule, mkono ni ule ule. Kama una nguvu bado, si mbali na hapo yapo makumbusho ya Kolumba, yaliyojengwa na msanifu majengo Peter Zumthor juu ya magofu ya kanisa lililobomolewa na mabomu, yakafunguliwa mwaka 2007. Ni mali ya jimbo kuu, na wanayo Maria mwingine wa Lochner, aliyesimama akiwa ameshika ua la urujuani, mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili. Maonyesho yao hubadilishwa, kwa hiyo uliza kwanza.

Alasiri iache kwa ajili ya mbao za pembeni. Namaanisha uende kwenye makanisa ya watakatifu wenyewe. Kanisa la Mtakatifu Gereon liko magharibi, nalo limejengwa juu ya kuta za Kirumi za karne ya nne. Ukumbi wake una pande kumi na kuba refu la karne ya 13, na sijaona mahali pengine mjini penye ukimya kama ule. Basilika la Mtakatifu Ursula liko kaskazini, nyuma ya stesheni. Chumba chake cha Dhahabu cha karne ya 17 kina makasha yenye sura za wanawali wanaotabasamu chini, na juu yake mifupa iliyopangwa ukutani kwa nakshi na maneno. Mwoga asiingie peke yake. Makanisa hayo mawili ni kati ya 12 ya mtindo wa zama za kati uitwao Romanesque yaliyomo mjini. Mengi yalibomoka vitani, na wenyeji wakayajenga tena jiwe kwa jiwe. Njaa ikikushika njiani, omba mkate mweusi wenye jibini na haradali kwenye mkahawa wowote wa mji wa kale. Ni chakula cha wenyeji, cha bei nafuu, na hakina nyama.

Chagua majira yako vizuri. Wakati wa Majilio na wakati wa Kwaresima, kwa desturi, mbao za altare hufungwa, na utakachoona ni upande wa nje: malaika akimpasha Maria habari ndani ya chumba chenye dari ya mbao. Ni picha nzuri kwa haki yake, lakini Mamajusi, Ursula na Gereon watakuwa wamefichwa. Wakati wa ibada njia ya kuelekea kikanisa hicho hufungwa kwa watalii, kwa hiyo epuka saa za misa, isipokuwa kama umekuja kusali. Kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt, treni ya kasi inakufikisha Köln kwa muda wa kama saa moja. Makumbusho ya Wallraf hayafunguliwi Jumatatu. Panga Jumanne, anza na kanisa kuu asubuhi, na usiondoke mjini kabla hujazifikia zote mbili, ile kubwa na ile ndogo.